Mama Usukani: Gari Lisilopinda na Kopo Lililopondeka

Marehemu mama yetu, ambaye wengi walimwita Mama Usukani, alizaliwa tarehe 3 Juni 1956, kifungua mimba wa seremala na mshona nguo. Alisoma hadi darasa la saba. Shule aliipenda, ila ngumi aliziweza zaidi: aliyemchokoza mdogo wake alirudi kwao pua inavuja damu.

Mwaka 1979 alianza kazi ya teksi kwa gari la mwaka 1962 alilorithi kwa baba yake: chuma kitupu, dashibodi ngumu, mikanda hakuna. Mwaka 1983 alifunga ndoa na mchomelea vyuma, wakajaliwa watoto wawili.

Tarehe 9 Machi 1991, lori lililokatika breki liliwavaa uso kwa uso, yeye na mdogo wake. Gari lilipinda bampa tu. Usukani ulimvunja marehemu mbavu. Mdogo wake alipasuka kichwa kwenye dashibodi, akamfia mapajani. Alipotoka hospitali alilifuata gari kituo cha polisi, akakuta watu wamelizunguka.

"Magari ya zamani bwana! Halikupinda hata kidogo!"

Alikamata nyundo. "Halikupinda, ndiyo. Aliyepinda ni mdogo wangu!"

Alilitwanga mpaka taa na vioo vikaisha, viganja vikachuruzika damu. Bodi lilibonyea kidogo tu.

Baadaye mumewe alinunua gari la mwaka 1996. Marehemu alibonyeza boneti kwa kidole, akasonya. "Baba watoto, umeniletea kopo."

"Linapondeka lenyewe ili usipondeke wewe."

Tarehe 17 Agosti 2004, abiria wa kiti cha nyuma alimwekea kisu shingoni, akamwamuru atoke nje ya mji. Marehemu alikuwa amefunga mkanda, jambazi hakufunga. Akakanyaga mafuta, akalibamiza gari kwenye ukuta wa ghala. Mbele yote ilijikunja kama karatasi. Jambazi alirushwa hadi kiooni, uso ukachanika. Alipoinua kisu tena, marehemu alimvunja mkono kwa spana ya magurudumu.

Mumewe alipofika mbio alimkuta ameketi barabarani, shingo inatoka damu, anacheka. "Kopo lako limekwisha, baba watoto." Kisha kicheko kikageuka kilio. "Laiti tungekuwa nalo siku ile."

Saratani ya ini ilimwanza mwaka 2022. Alifariki tarehe 11 Februari 2024, kichwa chake kikiwa kifuani mwa mumewe.

Ameacha mume, wajukuu watano na watoto watatu. Wa tatu ni binti wa mdogo wake, aliyekuwa hajaota meno siku ya ajali. Kiukoo alipaswa kumwita mama mkubwa. Hakuwahi. Alimwita mama, na ndiye anayewasomea maneno haya.

Pumzika sasa, mama. Umetupigania vya kutosha.