Vita Ilianzia Kwenye Safina

Kijiwe cha nchi ya baridi hukaa ndani. Hapa Black Rock, Buffalo, Marekani, kiko dukani kwa Charlotte, kwenye benchi ndefu iliyotoka kwenye kanisa lililofungwa, na kila Jumamosi mchana wazee wa Kivu, mashariki mwa Kongo, hupigana upya vita vyote vya dunia bila kumwaga chochote ila kahawa. Jumamosi moja Balagizi, mmoja wa wazee hao, alikuwa hoi. Jamani, alichoka mpaka kope. Kando yake palikuwa na nafasi tupu, mahali pa Gasore, rafiki yake. Wiki tatu nyuma, wakienda kiwandani ndani ya gari la Balagizi, wawili hao walikosana kabisa: eti babu wa nani alichunga ng'ombe wa babu wa nani, enzi za mwami, mfalme wa kwao! Tangu hapo Balagizi hakumpitia tena, na Gasore hajui kuendesha.

— Vita ilianza na ng'ombe, alisema Bagula, waliyemwita Avoka, yaani wakili, kwa kuwa hajawahi kukubali kosa. Mwami anakupatia ng'ombe moja, bon, weye na batoto yako munakuwa batumishi yake milele.

— Hapana, alisema Leopoldi, katekista wa zamani. Ni dini. Mapadri balikamata kilima hii, baprotestanti ile. Ndugu na ndugu bakakataa kunywa ku chungu moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Na mbele ya dini, kabla haiyafika? aliuliza Avoka.

— Kaini na Abeli, alijibu Leopoldi. Mulimaji na muchungaji.

— Kumbe Kaini mulimaji alikuwa mutu ya kwetu?

— Miye nasema tu vile iliandikwa.

— Basi gharika ilimaliza batoto yote ya Kaini, alisema Avoka. Hii vita yetu ilianzia fasi ingine. Ndani ya safina! Noa aliweka ng'ombe chumba ya juu, mbuzi chini. Pale njo chuki ilianza.

— Ee! Na nani alimuambia Noa afanye vile?

Balagizi hakucheka. Gasore angekuwepo angeuliza tu nani alikuwa anamkamua huyo ng'ombe, na benchi nzima ingekufa kwa kicheko. Alimkosa sana yule mtu. Lakini kuanza kusema, nani aanze?

— Kahawa inaisha, alionya Charlotte.

Mlango ukafunguka. Aliingia Teta, binti wa Gasore, theluji mabegani.

— Jambo ba papa. Papa Balagizi, baba anauliza: kesho kutwa utamupitia, ao apande basi?

Avoka, aliyejua mpaka vyumba vya safina, akatazama viatu vyake. Katekista akachungulia kikombe kitupu. Charlotte akainamisha chupa ya kahawa, likatoka tone moja.

— Saa kumi na moja ya asubui, alisema Balagizi. Umuambie asisimame inje. Baridi ni kali.

— Anasimamaka inje kila siku, papa. Basi ya kwanza anaiachaka ipite, anangojea kwanza kama utakuja.