Kuta Zilizongoja Kilio Kiishe

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wafiwa, mmeniomba niseme. Nitasema kwa utaratibu, maana nikiruka kitu nitapotea.

Mimi ni fundi mwashi, nakaa Gasenyi. Mke wangu ndiye aliyeanza kudai lise ya serikali, yaani sekondari ya juu, mtaani kwetu. Watoto wakimaliza darasa la tisa walipelekwa sekondari za mbali, na wasichana wengi waliacha. Binti yetu alikuwa darasa hilo la tisa. Mke wangu alizunguka kwa majirani na kwa wakubwa mpaka kiwanja kikapatikana. Kila Jumamosi, saa za kazi za jamii, mtaa ulibeba matofali, mimi nikisimamia ujenzi. Wakuu wa komine, serikali ya eneo letu, waliahidi mabati kwa sharti moja: kuta ziwe tayari kabla shule hazijafunguliwa, la sivyo mabati yapelekwe mtaa mwingine.

Kuta zilipofika kwenye madirisha, mke wangu akaugua, akafariki.

Mnajua desturi yetu. Mfiwa haanzi kazi kubwa mpaka aganduke, yaani watu wakusanyike, wanywe pamoja, kilio kiondolewe. Mimi siku hiyo niliiahirisha, kisha nikaiahirisha tena. Nilijifungia chumbani, sioni sababu ya kunawa uso. Nawaambia ukweli, niliomba nisiamke. Jumamosi nilitega sikio nisikie sauti za kiwanjani. Kimya. Nikasema moyoni, wamemsahau mapema hivi. Hasira hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Mvua zikaanza. Binti yangu akaacha kuniuliza habari za shule, na hilo liliniumiza kuliko kuulizwa.

Siku moja jirani yetu, mama anayeuza mboga soko la Jabe, akasukuma mlango bila hodi.

"Fundi, mvua inakula ukuta."

"Si muko wengi? Mujenge."

"Tujenge namna gani na weye uko mu kilio? Watu wanasema ni kukukanyaga."

"Mi nilizani mumeacha."

"Na sisi tulizani weye hautaki tuguse." Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Marehemu angekukuta unanuka hivi, angekumwangia maji. Oga."

"Bado sijaganduka, mama."

"Basi utagandukia kule kule. Jumamosi."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona. Tulikuwa tunaheshimiana mpaka shule inaanguka.

Walikuja, Wakristo na Waislamu, na bia ya ndizi, na fanta kwa wasiokunywa pombe. Tukasali, mzee mmoja akatamka maneno ya kuondoa kilio, nikapewa mwiko wangu wa uashi. Ukuta wa upande wa korongo ulikuwa umelowa mpaka ndani. Ilibidi tuubomoe, na ndio ule ambao mke wangu aliubebea matofali kwa mikono yake. Nililia nikiubomoa. Hakuna aliyeninyamazisha.

Mabati yalifika tukiwa kwenye safu ya mwisho. Lise ilifunguliwa bila milango, na binti yangu yumo.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama yule, na wote walioshika matofali. Ninalowaomba ni hili: mkimwona mfiwa amenyamaza, msimwachie ukimya kwa adabu. Ingieni, muulizeni. Na wewe uliyefiwa, sema unachongoja.

Mimi sijapona. Lakini nikitoka hapa nitamkuta binti yangu mezani na kazi za shule, nami nitakaa naye mpaka amalize. Nimeshinda kiasi hicho.