Biskuti za Jenifa

Kijiwe cha kahawa cha mzee Yohanes, pembeni ya soko la Sumbawanga, hakitunzi siri hata ya dakika tano. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inang'ata masikio, na wote walishajua: Leonidas, bodaboda wa njia ya Kasesya, amempiga marufuku mama mkwe wake kukanyaga kwake. Binti wa Leonidas, Jenifa, miaka minne, wiki ya pili hii halali. Jicho kavu mpaka jogoo. Leonidas alikuwa anakunywa kikombe cha pili, asije akasinzia njiani, na moyoni alikuwa na jina moja tu la kulaumu: Bibi Evodia, mama mkwe huyo.

— Kula anakula, alijitetea, akatoa mfukoni pakiti ya biskuti za kahawa. — Kila jioni nikirudi namletea hizi.

Mboje, waliyemwita Profesa kwa ajili ya miwani yake, akainyakua.

— Kalori mia mbili na hamsini! Hiyo sahani nzima ya ugali, mshikaji.

— Na sukari gramu ishirini, akadakia Gabriel Redio, asiyezimika. — Sukari ndiyo damu yenyewe. Hii kafeini je?

— Vitamini ya ubongo. Wenzetu wanaotengeneza ndege wanalishwa hiyo tangu tumboni.

— Ebo! Basi Jenifa rubani huyo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

Profesa akashusha sauti.

— Sasa mtoto ameshiba hivyo na usingizi hauji? Huo mkono wa mtu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Leonidas alisikia uchungu, na pia nafuu. Angalau si yeye peke yake aliyewaza hivyo.

Mara Bibi Evodia huyo, kitenge mabegani, mfuko wa unga wa ulezi mkononi. Kijiwe kizima kikamwamkia shikamoo kwa mpigo.

— Marahaba. Baba Jenifa, kwako siji, umeshasema. Mpelekee mjukuu wangu unga wa uji.

Akaiona pakiti. Akaichukua, akainusa. Akainama akanusa kikombe cha Leonidas, kisha pakiti tena.

— Mimi kusoma sijui, wanangu. Mbona harufu ni moja? Kwani nyie hii kahawa mnainywea nini?

Profesa akavua miwani, akaifuta, ikawa haiishi kufutwa. Leonidas alikitazama kikombe chake. Aibu ikampanda mpaka masikio yakasahau baridi.

Akainuka, akaupokea unga kwa mikono miwili.

— Mama, nisamehe. Twende nyumbani, uji ukampikie mwenyewe.