Bi. Lau na Udongo wa Datuk

Baada ya miaka thelathini na mmoja jikoni, Bi. Lau Geok Hua anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, mwalimu wa hesabu, niandike wasifu wake, na nadhani najua sababu. Mimi ni Mtamili. Wachina na Wamalei walikuwa wameshughulika mno kushukiana, hakuna aliyepata nafasi ya kunishuku mimi.

Alipoanza kazi, shule yetu ya Kichina ya Sungai Lerek ilikuwa na watoto wa Kichina watupu. Aliwapikia tambi kwa mafuta ya nguruwe, na akimgombeza mtoto sauti ilifika barabarani. Kisha vijana wakahamia Ipoh, Kuala Lumpur na Singapuri, wakazaa mtoto mmoja mmoja, wengine hata huyo hawakumpata. Madawati yakabaki na vumbi, na wizara ikaanza kuuliza maswali kuhusu shule zisizo na watoto.

Hapo ndipo Wamalei wa ng'ambo ya reli walipoanza kutuletea watoto wao wajifunze Kichina. Walimu tulishukuru. Bi. Lau alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni, akiwaangalia wazazi wale kama muuza duka anavyomwangalia mteja mwenye kikapu kikubwa. Aliniambia kwamba leo wanaleta watoto, kesho watabadilisha kibao cha shule, na keshokutwa tutaambiwa tuhame.

Nao hawakuwa nyuma. Watoto walikuja na chakula cha nyumbani, na hata maji ya jikoni hawakugusa. Mama Kalsom, aliyemleta mjukuu wake Irdina, alikuwa akipita dirishani na kunusa. Bi. Lau aliacha kupika nguruwe shuleni, akanunua kuku wa kuchinjwa kihalali, lakini wapi. Mwalimu mkuu akadokeza kwamba muhula ujao huenda akatafutwa mpishi Mwislamu. Bi. Lau alikuwa mjane, watoto wake wako mbali, na bila jiko lile hakuwa na pa kwenda asubuhi. Aliogopa, ingawa kwa hasira zake usingejua.

Wazazi walikuwa na sharti moja: vyombo vilivyopikiwa nguruwe vioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yao inavyotaka. Bi. Lau alinuna wiki nzima, akidai ameitwa mchafu. Jumapili moja akaja peke yake, akaosha kila chombo, na Jumatatu akatangaza. Hakuna aliyemwamini. Mama Kalsom akaja mwenyewe, akageuzageuza masufuria, akauliza udongo umetoka wapi.

Bi. Lau alikuwa ameuchota chini ya kibanda cha Datuk, pale langoni. Kwa imani ya Wachina wa huku, Datuk, mzimu mlinzi wa mahali, alikuwa Mmalei Mwislamu enzi za uhai wake; sanamu yake huvishwa kofia ya Kimalei, na nguruwe hasogezwi karibu naye. Bi. Lau aliona hakuna udongo safi kuliko huo.

Mama Kalsom alivuta kiti bila kukaribishwa. "Bi mkubwa," akasema, "umeosha vyombo vya watoto wetu kwa udongo wa mizimu?"

"Mzimu wenyewe wa kwenu," akajibu Bi. Lau. "Si anavaa kofia?"

Mama Kalsom aliinuka akaondoka. Bi. Lau alijua amekwenda kuwachochea wazazi, akaanza kufunga visu vyake. Kumbe mwenzake alikwenda kuchota ndoo ya udongo shambani kwake. Akarudi, akamsimamia Bi. Lau aoshe upya mara saba. Mmoja alihesabu kwa Kichina, mwingine kwa Kimalei, kila mmoja akishuku mwenzake anaruka. Hesabu zikakataa kulingana, wakaanza upya.

Sahani ya kwanza alikula Mama Kalsom, akiupindua kila uzi wa tambi kabla haujafika mdomoni. Kesho yake Irdina alikuja shuleni bila chakula cha nyumbani.

Leo watoto wetu wengi ni Wamalei, Watamili wapo, Wachina ni wa kuhesabu. Wakigombana uwanjani wanatukanana kwa Kichina cha Bi. Lau, lafudhi na yote, na Irdina ndiye mwalimu wao wa lugha hiyo. Wizara haijauliza tena. Kibao hakijabadilishwa, ila Bi. Lau hukitazama kila asubuhi. Mama Kalsom naye bado ananusa dirishani. Sidhani kama wale wawili wataaminiana kabisa, na sijawahi kuona siku wamekosa kunywa chai pamoja.

Wiki iliyopita tulimwandalia zawadi: lile karai kubwa alilotumia miaka yote, limesuguliwa, limefungwa utepe mwekundu. Alilitazama, akatutazama sisi, akashuku tunamfanyia mzaha. Kisha akalisukuma kurudi mezani.

"Kwangu napika nguruwe," alisema. "Likiingia mle limeharibika. Watoto watapikiwa kwenye nini?"

Mama Kalsom aligeukia ukutani akajifuta macho kwa ushungi. Karai limebaki jikoni, na Bi. Lau tumemnunulia birika. Dada yetu, ahsante kwa kutulisha. Mungu akupe afya, na uzee wa raha katika jiko lako mwenyewe.

Thilagavathy, kwa niaba ya walimu na wafanyakazi