Blogu ya Mtu wa Kioo

Benchi liliegemezwa kwenye ukuta wa saluni ya Wembe, upande wenye kivuli, na mguu wake mmoja haukuwa mguu bali tofali juu ya tofali. Hapo walikutana walewale kila alasiri. Wembe mwenyewe, kinyozi, alikaa karibu na mlango ili mteja akija asimpite. Pembeni yake alikaa kaka yake, dereva wa lori aliyeachana na usukani, ambaye kijiwe kizima kilimwita Breki, maana ubishi ukipamba moto yeye ndiye husema "funga breki hapo." Halafu Barafu, fundi majokofu, mtu wa kujua kila jambo kabla halijatokea. Na Bi Birika, aliyeuza kahawa na kutoa maoni yake bure. Siku hiyo Barafu alikuja mbio mbio, simu mkononi, na Wembe alipochungulia skrini na kuona kilichofunguliwa, akageuza uso haraka.

— Jamani, tunaandikwa! Barafu akasema, salamu kaisahau.

— Na polisi? Bi Birika akauliza.

— Polisi wa nini? Kuna mtu ana blogu. Anajiita Mtu wa Kioo. Anaandika kwa Kiingereza habari za kijiwe fulani, na kijiwe chenyewe ni hiki tulichokalia.

— Wewe Kiingereza umekijulia wapi?

— Sijui hata cha kuombea maji. Ndiyo maana nawaambia mkae vizuri. Wenye mtandao wa hizo blogu wameleta mambo mapya. Chini ya kila andiko kuna kitufe. Ukibofya, Kiingereza chote kinageuka Kiswahili. Ukibofya tena, inakusomea kwa sauti, wewe unakunywa kahawa yako.

— Acha uongo.

— Basi sikilizeni.

Akabofya. Sauti ya mwanamke ikatoka, tulivu, mwanamke asiyekuwepo popote.

"Fundi majokofu huongea na jokofu kabla ya kulifungua. Huliuliza linaumwa wapi. Akidhani hakuna mtu, hulipapasa mgongo na kuliambia pole."

Breki akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Kumbe unayapa pole!

— Hilo si la kucheka, Barafu akasema, ingawa shingo ilimwinama kwa aibu. La kujiuliza ni hili: nani kaniona? Mimi nilikuwa natafuta habari za gesi ya jokofu kwa Kiswahili changu, simu ikaniletea mimi mwenyewe!

Wembe hakucheka. Alikuwa anajua nani kamwona, kwa sababu jokofu lile lilikuwa la saluni yake.

Wiki iliyopita, katikati ya kumnyoa mteja, mashine mkono mmoja na simu mkono wa pili, ujumbe ulimfunikia ukurasa wa blogu yake. Maneno marefu kuhusu tafsiri, kitufe cha Kubali chini. Yeye alitaka tu liondoke amalizie sentensi yake. Akakubali. Ndiyo hivyo, kwa kidole gumba chenye vinyweleo vya mteja, alifungua mlango aliokuwa ameufunga miaka yote.

Maana Kiingereza kwake kilikuwa mlango. Alikisomea madarasa ya jioni, akakinoa kwa redio, na kila alipokiandika kilikuwa kifupi kifupi kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Blogu yenyewe ilikuwa na kisanduku cha kusahihisha makosa, naye alikizima. Alipenda kukosea kwa raha zake. Kwa Kiswahili, kila neno lilimjia na heshima zake, na mama yake nyuma ya neno, na majirani nyuma ya mama. Ukisema "kaka" umeshainamisha kichwa. Kwa Kiingereza neno lilikuja peke yake, jepesi, akaweza kuliweka mezani na kulitazama. Na juu ya yote, hapa kijiweni hakuna aliyekijua.

— Weka jingine, Bi Birika akaamuru.

"Mwanamke anayemimina kahawa haangalii kikombe. Anamwangalia anayeongea. Kikombe kikikaribia kujaa, mlio wake unapanda, naye anausikia, anaacha. Sijawahi kuona tone likimwagika. Yeye hajui kwamba anafanya hivyo."

Bi Birika akavuta birika karibu. Kisha akachukua kikombe kitupu, akamimina huku kakaza macho barabarani. Kahawa ikapanda, ikapanda, akaacha. Tone halikumwagika. Akakitazama kikombe kile kwa muda mrefu.

— Mimi huyo, akasema polepole. Miaka yote hii mimi ndiye huyo. Mungu wangu, mtu anaweza kuishi na mikono yake asiijue?

— Na haishii hapo, Barafu akasema, naye sasa alikuwa ameshusha sauti. Angalieni huku chini. Hawa ni watu wamejibu. Huyu yuko kwenye nchi ya theluji, anasema alisoma habari zako jikoni, akaunguza chakula. Huyu anasema bibi yake alikuwa akimimina hivyo hivyo. Huyu anauliza kama jokofu lilipona.

— Lilipona, mwambie, Breki akasema.

— Yaani mtu kwenye theluji ananijua mimi! Bi Birika akasema. Na mtaa wa pili hapo hawanijui!

Wakaiinamia simu, wote wanne, kwa mshangao wa kweli. Hata Wembe. Majibu yale alikuwa ameyasoma peke yake usiku baada ya usiku, lakini hakuwahi kuyasikia yakisomwa kwa watu wenyewe. Akahisi raha na hofu zimekaa kiti kimoja.

— Sasa ni nani huyu? Breki akauliza.

— Profesa, Bi Birika akasema. Alikuja kajifanya mteja, kanywa kahawa yangu, kaenda zake kuandika.

— Profesa gani akae miaka? Barafu akapinga. Hii ni setilaiti. Siku hizi zinaona mpaka sahani mezani.

— Setilaiti itasikiaje mlio wa kikombe?

— Basi ni simu zenyewe. Zinatusikiliza mfukoni. Zimekaa nasi hapa, zimetuzoea, mwisho zimeanza kuandika kwa hiari yao.

— Kwa nini kwa Kiingereza?

— Ndiyo lugha ya kwao!

— Na kwa nini inaandika kwa huruma hivi? Bi Birika akasema. Mashine haina huruma. Labda iwe imekunywa kahawa yangu, mvuke umeingia ndani, imelainika.

— Funga breki hapo, Breki akasema. Akageuza sikio barabarani. Hilo lori linalokuja limebeba mzigo kupita kiasi. Na breki zake za nyuma zinaliwa.

Lori likapita, limejaa kweli.

— Macho ya kaka huyu! Bi Birika akasifu. Alisema kabla halijakata kona!

Wembe akatazama chini. Alilijua andiko lililofuata. Ndilo la mwisho aliloandika, na ndilo lenye majibu mengi kuliko yote.

— Barafu, betri yako itaisha, akasema.

— Imejaa.

— Bando basi.

— Wembe, una nini? Hebu acha tusikie. Hili hapa watu wamelijibu mpaka nimechoka kushusha ukurasa.

— Nimesema inatosha!

Alisema kwa ukali ambao kijiwe hakikuuzoea. Breki akageuza uso upande wa sauti ya mdogo wake. 

— Acha isome, akasema.

Kaka mkubwa akishasema, basi. Barafu akabofya.

"Kaka yangu huja kunyolewa kila Ijumaa. Zamani nikimaliza nilimshikia kioo nyuma ya kichwa, naye alilalamika. Hapa hujasawazisha. Pale umekula sana. Siku hizi nikishika kioo husema safi kabla sijakiinua. Ijumaa iliyopita sikukiinua. Alisema safi.

"Magari anayajua kwa mlio. Marafiki wanamsifu macho. Anayepita kwa miguu bila kusema neno, yeye hamsalimu, na watu wanadhani ana majivuno. Aliacha lori akasema amechoka na barabara. Mimi nanyoa polepole ili akae kwenye kiti muda mrefu, mahali ambapo hakuna kitu cha kujikwaa.

"Siwezi kumwambia. Yeye alinishika mkono kunivusha barabara mpaka nikawa na ndevu. Nikimwambia najua, nitakuwa mimi ndiye mkubwa, yeye mdogo. Sitaki kuwa mkubwa wake. Kwa hiyo nawaambia ninyi, kwa lugha yenu."

Sauti ikakoma. Ilikuwa ni ile ile, tulivu, haikutetemeka popote. Lakini Bi Birika alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili, na Barafu, mtu wa kujua kila kitu, alimtazama Breki, akamtazama Wembe, akaifunika skrini kwa kiganja.

Breki alikuwa ametazama mbele, barabarani, mahali ambapo hapakuwa na gari.

Wakati huo alikuwa amesimama mwanamke mmoja pembeni, kavaa koti la idara ya maji, kaja kusoma mita iliyokuwa nyuma ya benchi. Alifika andiko likiwa katikati, akaona aibu kukatiza, akasikiliza mpaka mwisho. Hakumjua yeyote pale.

— Samahani, akasema. Hiyo habari imeniingia sana. Lakini huyo aliyeandika, kwa nini asimwambie tu kaka yake?

Bi Birika akapangusa kikombe kilichokuwa safi. Wembe alitafuta jibu kwa Kiswahili, akalikosa, akalitafuta kwa Kiingereza, nako hakuna. Machozi yalikuwa yanamjia na hakuwa na pa kuyaficha.

— Ni lugha, dada, Breki akasema mwishowe. Huyo kijana ana lugha mbili, na kwa zote mbili amenionea huruma.

Kisha akamgeukia mdogo wake. Alimkosa kwa kiasi kidogo, akawa anaongea na bega lake.

— Kile kioo nilijua hukukiinua. Kinyozi akiinua mkono, upepo unagusa shingo. Nilisema safi ili usione haya.

— Kaka...

— Nyamaza. Mimi nilidhani nakulinda wewe. Kumbe tulikuwa tunalindana kama mabwege wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake atangulie. Akanyanyuka, mkono mmoja ukutani. Barafu, hao watu wa kwenye theluji wamesemaje?

Barafu akaifunua skrini.

— Huyu wa mwanzo anasema, mwambie kaka yako tunamsalimu.

— Salamu zimefika, Breki akasema. Akatoa pumzi kama mtu aliyetua gunia. Mimi! Dereva tu mimi, nasalimiwa na watu nisiowajua, kutoka nchi ambazo lori langu halikuwahi kufika.

Akanyoosha mkono hewani, kiganja wazi.

— Bwana mdogo. Kuna ngazi hapo mlangoni, siioni. Nishike unipeleke ndani ukaninyoe.

Wembe akaushika. Mlango wa saluni ulikuwa mwembamba, wa mtu mmoja, lakini hakutangulia, wala hakumtanguliza kaka yake. Waliingia ubavu kwa ubavu, wakabanana kidogo, wakapita.