Ukurasa wa Jumanne

Kijiweni petu, nje ya kibanda cha fundi viatu tunayemwita Profesa, benchi ni moja na birika la kahawa ni moja. Asubuhi ile Kasi, mtengenezaji wa kurasa za mtandao, alikaa kashika kichwa. Zahanati ilikuwa imehamisha kliniki ya kisukari kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Ukurasa wao alikwisha kuurekebisha, lakini simu za wagonjwa bado zilionyesha Jumanne. Na siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Daktari mkuu alimpa hadi saa sita, la sivyo kazi apewe mwingine.

— Umesahau kubonyeza, alisema Breki, dereva mstaafu.

— Nimebonyeza, mzee. Walilalamika ukurasa unachelewa, nikaziagiza simu ziweke nakala, zisije kuniuliza tena mpaka mwaka uishe. Ukawa unafunguka kufumba na kufumbua.

— Kosa liko wapi? Akiba haiozi, alisema Profesa, macho kwenye soli.

— Hii imeoza. Picha ningeiweka mwaka. Siku ya kliniki haiwekwi mwaka.

— Basi zima mtambo. Wakiukosa ukurasa watashtuka.

— Hawataukosa, Profesa. Nakala wanayo mkononi.

— Mimi nasema ni mnara wa simu, alisema Breki. Umezeeka, unakumbuka ya zamani tu, kama mimi. Upandwe, ufutwe vumbi. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Mnara unapandwa, mzee. Hauinamiwi.

— Basi simu zianikwe juani, alisema Profesa. Kilichovunda huanikwa.

Kasi alishusha pumzi, akaomba simu yoyote iliyowahi kufungua ukurasa ule. Nilikuwa na ya marehemu mke wangu. Naichaji kila Ijumaa. Niliufungua: Jumanne, saa mbili asubuhi, njoo bila kula.

— Ndiyo hii, alisema Kasi. Ukiuburuza chini kwa kidole, simu inalazimika kuuliza upya.

— Usiuburuze, nilisema.

Alinirudishia simu. Breki akanimiminia kahawa ambayo sikuiomba.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka upande wa zahanati, kamshika mkono baba yake.

— Hamjambo, jamani. Eti kliniki ya kisukari leo hakuna? Baba hajala tangu jana jioni, na simu inasema ni leo.

Kasi alimpisha mzee akae, akaichukua simu ya yule mama, akauburuza ukurasa chini. Alhamisi ikatokea.

— Kumbe ni kuburuza tu?

— Ni kuburuza tu, dada.

Mama alitazama barabarani. Wazee wengine wawili walikuwa wakipita polepole, kila mmoja na daftari lake la kliniki.

— Sasa mtu anayeona Jumanne atajuaje kwamba anatakiwa kuburuza?

Profesa aliweka nyundo chini. Breki aliinamisha birika kwenye kikombe cha mzee. Halikutoa hata tone. Kasi alikuwa ameshavuka barabara, akielekea getini kwa zahanati kuburuza kurasa za wagonjwa, simu moja moja.