Bi Mboji na Neno Alilolifuta Kwenye Mfuko

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Punguza moto jikoni, vuta kiti, tukae kidogo na marehemu. Leo tunamkumbuka mkemia wa kiwanda cha mifuko, mama wa watoto wawili, tuliyemwita Bi Mboji. Jina hilo alipewa kwa utani. Akalipenda kuliko lile la kwenye cheti.

Bi Mboji ndiye aliyepima ile mifuko ya kwanza ya wanga wa mahindi. Aliifukia maabarani, kwenye sanduku la mboji yenye unyevu, yenye joto ambalo huwezi kuacha mkono ndani yake. Vijidudu vikaila mifuko ikaisha kabisa. Kwa furaha yake akaandika maneno ya kuchapwa: "Mfuko huu huoza wenyewe."

Nani asiyependa kitu cha kujiozea? Watu wakasoma, wakaamini, wakatupa. Mtaroni, mtoni, nyuma ya nyumba. Si wameambiwa unaoza wenyewe?

Aliyemzindua ni mama mkwe wake. Bibi huyo alifukia mfuko bustanini, kwenye nyanya zake. Mvua zikapita, akaenda kulima, jembe likanasa. Binti wa marehemu anakumbuka: "Bibi aliuvuta ule mfuko, akaukung'uta, akautia vitunguu, akamletea mama. Akamwambia, 'Mwanangu, mfuko wako umekataa kufa.'"

Bi Mboji alicheka sana. Kisha akakosa raha. Akaanza upya. Mifuko mingine akaifukia bustanini, mingine akaifunga kwa kamba mtoni, mingine akaianika juani uani.

Ya bustanini ilitobokatoboka tu. Ya juani ikakauka, ukiigusa inavunjika. Na kuvunjika si kuoza, wasikilizaji. Narudia: kuvunjika si kuoza. Vipande vinabaki, vinazidi kuwa vidogo, vinapeperuka. Ya mtoni, kwenye maji baridi, ilitoka na utelezi na uzima wake. Kumbe mfuko ule ulitaka joto, unyevu na vijidudu vya kutosha, vyote pamoja. Kimoja kikikosekana, unakaa tu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Alimwendea meneja, akataka neno "wenyewe" lifutwe. Meneja akamuuliza, "Unataka tufunge?" Habari zikafika kwenye mashine. Wenzake wakaona anawaharibia ulaji. Shoga yake wa chumba cha uchapaji, aliyekuwa akila naye kila mchana, akahama meza.

"Kelele za meneja alizizoea," anasema mumewe. "Kukimbiwa mezani ndiko kulikomliza. Nilimwambia, mke wangu, nyamaza yaishe. Akaniambia, neno nimeliandika mimi, nani mwingine alifute?"

Hakunyamaza. Mwishowe meneja akachoka naye, mifuko ikachapwa upya: "Usinitupe. Nipeleke kwenye mboji ya moto." Wateja wakapungua, watu wakashika vichwa. Bi Mboji akaenda sokoni mwenyewe, akawaonyesha wauza mboga namna ya kurundika mabaki, kuyalowesha, kuyafunika na kuyageuza mpaka yapate joto. Rundo lile likala mifuko. Wateja wakarudi, na kiwanda hakikumfukuza mtu. Mimi napita soko lile kila siku. Siku hizi mvua ikinyesha, maji ya mtaroni yanakwenda zake, hayazibwi tena na mifuko. Namshukuru, jamani, namshukuru kwa moyo wote.

Kwa mumewe, kwa wanawe, na kwa bibi aliyempenda kama mtoto wa kumzaa, poleni sana. Ametangulia, nasi tu nyuma yake. Asanteni kwa kutuazima mtu wenu.

Jana msibani, yule shoga wa uchapaji alinivuta pembeni. Macho yamevimba. Akasema, "Nilimnunia. Baadaye nikaona haya. Kazi ninayo mpaka leo, na watoto wangu wamekua kwa kazi hiyohiyo. Ilibaki kumwambia asante tu, nikawa nasema kesho, kesho. Nisemee wewe huko redioni."

Basi nimemsemea. Bi Mboji, shoga yako anasema asante, na anaomba radhi kwa ile meza.

Na wewe unayenisikiliza, kama umemnunia mtu kwa sababu tu alisema kweli, usisubiri nikusemee mimi. Nenda leo, angali anaweza kukujibu.